Maswali ya wasomaji: Kilifi mpaka Malindi kwa baiskeli, peke yangu

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wako wa Kisauni, miaka 27, niko duka la vitambaa. Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nishaizoea, mara mbili nimefika nayo Mtwapa na kurudi. Sasa nataka siku moja niende Kilifi mpaka Malindi nipitie Watamu, peke yangu, manake wenzangu wanasema watakuja halafu siku ikifika simu zimezimwa. Mama anasema mwanamke peke yake barabarani hapana. Je ni mbali sana kwangu? Na naweza kupita ufukweni badala ya lami?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi sana na barua yako, mimi njia hiyo nimeiendesha peke yangu zaidi ya mara moja na nakwambia nenda.

Umbali kwanza. Kilifi mpaka Gede ni kama kilomita 45, Gede kuingia Watamu ni kama 7 na kurudi 7 tena, halafu Gede mpaka Malindi kama 16. Jumla 75 hivi. Ukienda mwendo wa kilomita 15 kwa saa hayo ni masaa matano ya kukanyaga pedali, na siku ina masaa kumi na mbili ya mwanga, kwa hivo hilo la umbali lisikutishe, aliyefika Mtwapa na kurudi atafika.

Kitakachokuamulia siku yako ni upepo na maji, na hapo ndipo wengi wanaokuja na ramani za simu wanapokosea. Barabara ile inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kuanzia Aprili mpaka Septemba kusi linakusukuma mgongoni, hasa mchana likishakaza, unajiona una nguvu kumbe ni upepo. Disemba mpaka Machi ni kaskazi, litakupiga usoni kutoka Kilifi mpaka Malindi na jua ni kali, miezi hiyo ni afadhali upande matatu na baiskeli yako mpaka Malindi ulale huko halafu asubuhi uanze kurudi upande wa Kilifi. Mimi ningekwambia Julai mpaka Septemba, masika yameshapita na joto limepungua, ingawa ujue kusi huchafua bahari na mwani unajaa ufukweni, usitegemee maji ya kwenye picha za mahoteli.

Sasa ufukweni. Inawezekana, lakini kipande tu pale Watamu, na wakati wa maji kupwa tu, mchanga ukiwa umelowa na umeshikana. Mchanga mkavu wa juu gurudumu linazama unabaki kusukuma. Chukua kalenda ya ukutani ile yenye tarehe za Kiislamu, angalia mwezi 1 mpaka 3 au mwezi 15 mpaka 17, yaani tarehe za mwezi wa angani, siku hizo ni za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii maji ya bamvua yanapwa kuanzia kama saa nne asubuhi, kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Ukichagua mwezi 16 au 17 utakuta ufuko umefunguka wakati ndio unafika. Siku za maji mafu achana nao, maji hayaendi mbali na kupwa kwenyewe kunaangukia alfajiri au jioni. Nakwambia hivi kwa sababu mwaka mmoja niliingia ufukweni bila kuuliza mtu, nikazunguka mawe ya kwanza nikaona raha, nikazunguka ya pili, kurudi nyuma maji yashafika kwenye mawe. Nilibeba baiskeli begani maji yananifika kiunoni na mawimbi yananisukuma kwenye jabali. Muulize mvuvi yeyote "maji yanajaa saa ngapi", atakujibu bila kuangalia saa. Na tafadhali kaa chini kwenye mchanga ulolowa, usipande juu karibu na majani, kasa wanataga huko na mayai yamefukiwa huyaoni.

Siku yenyewe ipange hivi. Lala Kilifi, saa kumi na mbili asubuhi uko barabarani na mahamri na mbaazi tumboni. Tezo, Ngerenya, Matsangoni, hiki ndicho kipande cha kuwa macho, lami ni nyembamba na mabasi yana haraka. Hatari kubwa si basi la nyuma yako, ni lile la mbele linaloovateki likaja upande wako, ukiliona usishindane nalo, toka nje ya lami usimame. Vaa reflekta ya bodaboda ile ya njano na funga kioo kwenye usukani. Ukipita Matsangoni msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa kushoto kwako, ni msitu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, na kulia kuna njia ya kwenda Mida, kwenye hori la bahari lenye mikoko. Shuka Mida, upite daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, unywe maji, uendelee Watamu.

Saa sita jua likiwa la utosi usiwe barabarani, uwe Gede. Nasema hivi kwa sababu ya kivuli, ila pia kwa sababu napapenda kuliko mahali popote pwani. Mji mzima wa mawe ndani ya miti mikubwa, msikiti, jumba la mfalme, visima, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, kima wanarukaruka juu ya kuta. Vigae vya Uchina vilichimbuliwa hapo, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia. Beba kitambulisho ulipe bei ya mwananchi. Tandika leso ulale saa nzima, hakuna anayekukimbiza.

Saa tisa toka, kusi linakusukuma mpaka Malindi, ukifika mapema nenda mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama ukakae uangalie bahari. Ukishaona magharibi inakaribia baiskeli ipande juu ya matatu, na bei ya mzigo mkubaliane kabla haijafungwa kamba.

Mama naye msikilize. Hofu yake ina msingi na haitaondoka kwa kumwambia usijali. Mwandikie kwenye karatasi, Mida saa tatu, Watamu saa tano, Gede saa sita, Malindi saa kumi na moja, na kila kituo umpigie. Mamangu mimi alikataa miezi, karatasi ndiyo ilomlegeza. Njiani utasalimiwa sana na watoto watakukimbilia, itika salamu na endelea, akikuuliza mtu unaenda wapi peke yako mwambie nangojwa hapo mbele. Maji beba lita 3 na ujaze kila unaposimama, na dafu likionekana usilipite.

SWALI: Dada, mimi niko Tanga, naendesha ufukweni Pangani kila wikiendi na cheni yangu imeota kutu ndani ya miezi miwili. Jirani ananiambia nipake mafuta ya nazi. Nifanyeje?

JIBU: Mafuta ya nazi hapana kaka, yanaganda na kushika mchanga, na mchanga ndio unaokula cheni na meno ya gia. Ukirudi tu, kabla hujakaa, mwagia baiskeli maji baridi ya bomba taratibu, usipige maji ya nguvu kwenye ekseli, futa na kitambaa kikavu, iache juani nusu saa. Halafu oili nyepesi, ile ya cherehani inatosha, tone moja kila pingili huku unazungusha pedali kinyumenyume, kisha ufute ya juu yote, inayotakiwa ni ya ndani. Na mara moja kwa mwezi ung'oe siti na bomba lake upake grisi kabla ya kuirudisha, chumvi ikishaligandisha bomba mle ndani fundi atalikata kwa msumeno. Cheni ya sasa kama pingili zake zimekazana hazikunjiki, usihangaike nayo, badilisha.