Digrii ya Jiografia Bila Kuhama Kasese: Maswali Yenu

Tangu nilipotaja kwamba digrii yangu ya jiografia na mazingira niliisomea kwa masafa, yaani bila kuhamia chuoni, nyuma ya kaunta ya duka, Busia, hapa Uganda, maswali hayajakatika. Leo najibu matano.

Jiografia itasomwaje nyumbani? Sisi tulipandishwa basi tukapelekwa kuuona mto. (Mwalimu wa msingi, Kasese)

Mwalimu, wewe mto unao mlangoni. Shuka Nyamwamba na futi ya kupimia, kamba na chungwa. Tafuta mahali mto umenyooka, pima mita 10 kando ya ukingo, dondosha chungwa katikati ya maji, uwashe saa ya simu. Rudia mara nne, tafuta wastani. Nasema chungwa kwa sababu huzama karibu lote, upepo hauna pa kulishika. Ukitumia mpira mtupu utapima upepo ukidhani unapima mto. Kasi utakayopata ni ya maji ya juu. Ya chini husuguana na mawe, huenda polepole, ndiyo maana tunazidisha kwa 0.85. Zidisha tena kwa upana na kina cha wastani, umepata ujazo wa maji yanayopita kila sekunde.

Kisha yapime mawe: 50 ya juu Kilembe, 50 ya chini mjini, uone yanavyopungua ukubwa. Mafuriko ya Mei 2013, yale yaliyoivamia hospitali ya Kilembe, yaliteremsha mawe ambayo wanaume kumi hawayasogezi. Jiulize yalihitaji maji ya kasi gani. Wenzako wa Ulaya hupanda ndege kuja kuyatazama. Ila usishuke mvua ikinyesha milimani, hata kama kwako jua linawaka.

Kabla hujalipa chochote, uliza kama kozi ina wiki za lazima za mazoezi ya uwandani, na zinafanyikia wapi. Zipo kozi za masafa zinazotaka ufike mwenyewe.

Nina miaka 31, na Senior 6, mwisho wa sekondari, nilipata principal moja tu, yaani somo moja la kufaulu kikamilifu. Mlango umefungwa? (Askari, Gulu)

Haujafungwa, Afande. Kwa kawaida zinatakiwa principal mbili au diploma, lakini kuna mtihani wa kuingilia kwa watu wazima, kuanzia miaka 25. Huo ndio wako.

Nichague chuo cha hapa au cha nje? (Msomaji, Mbale)

Hapa elimu ya masafa si jambo geni: Makerere ilianza digrii za nje mwaka 1991, kwa ualimu na biashara. Kwa jiografia, nenda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu uulize kozi yenyewe, maana ithibati hutolewa kwa kila kozi. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na kozi ambayo muda wake umekwisha. Nje kuna Open University ya Uingereza, UNISA ya Afrika Kusini, na jirani zetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992. Cheti cha nje utakipeleka kwa Baraza hilohilo kilinganishwe na vya hapa.

Na uangalie saa. Mimi nilikuwa na kazi ya kukabidhi saa sita mchana kwa saa za Uingereza. Nikapiga hesabu: sisi tuko mbele kwa saa tatu, basi mwisho ni saa tisa alasiri. Nikatuma saa nane na nusu, nimetulia kabisa. Ilikuwa Mei, wenzetu wameshasogeza saa zao mbele, tofauti imebaki saa mbili, mlango ulifungwa saa nane kamili. Mwanafunzi wa jiografia huyo!

Sina laptopu, na bando ni ghali. Simu itatosha? (Mama wa watoto watatu, Arua)

Mama, simu inatosha kusoma, kuchora ramani haitoshi. Tafuta laptopu ya mtumba. Programu ya kuchorea ramani, QGIS, ni ya bure, picha za setilaiti za Landsat ni za bure tangu 2008, na za Sentinel-2 zinaonyesha hadi kipande cha mita 10, shamba la jirani unalitambua. Zipakue mara moja penye mtandao wa bure, kazi yote ufanye nyumbani bila intaneti. Kwenye bando tunakatwa kodi ya asilimia 12 tangu 2021, usilimalize kwa video za mihadhara kama maandishi yake yapo.

Nikimaliza nitapata kazi gani? Na mtihani naweza kujibu kwa Kiswahili? (Msomaji, Jinja)

Kila wilaya inatakiwa kuwa na afisa mazingira. Ukitaka kufanya tathmini za athari kwa mazingira, utajiandikisha kwanza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kufundisha sekondari utaongeza diploma ya uzamili ya ualimu, digrii hii peke yake haitoshi.

Kiswahili, hapana. Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini karatasi ya mtihani bado ni Kiingereza. Daftari langu la mtoni, hata hivyo, lilikuwa Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyewahi kulidai.