Miche imekufa, nifundishe nini?

SWALI: Mbukwenyi ndugu mhariri. Mi ni mwalimu wa msingi huku Chamwino, Dodoma, nimeambiwa nifundishe maendeleo endelevu kwenye darasa la watoto 90 na ushee. Januari tulipanda miche 60 kwa mbwembwe, mgeni rasmi akaja, picha zikapigwa, kufika Agosti imebaki mitatu na mmoja mbuzi keshauonja. Halafu nikisema kukata miti ni vibaya mtoto ananyoosha mkono, "mwalimu, mkaa ndo umeninunulia daftari". Nimjibu nini?

JIBU: Pole mwalimu. Huyo mtoto usimnyamazishe, kakuletea somo lenyewe mpaka mezani. Ile ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1987 kuhusu maendeleo endelevu ilisema tukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja, sasa daftari ni la leo na mti ni wa kesho, waache wabishane, wakaulize nyumbani kuni bibi alikuwa anaziokota wapi na sa hivi zinafuatwa wapi.

Miche nayo, Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni vumbi, na kama maji ya kunywa yenyewe ni ya foleni nani atamwagilia miti 60? Toka na darasa nje mkatafute visiki. Kisiki hai mizizi yake iko chini tayari, hakidai ndoo. Mnachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine mnapogoa, mnafunga kitambaa chekundu ili mpita njia ajue kina mwenyewe, basi. Kila kikundi kisiki chake, wapime kwa rula kila mwezi, na hesabu umeshafundisha humo humo bila kusubiri kipindi maalum.

Ila nakuomba, kumwagilia kusiwe adhabu ya wachelewaji. Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere ya 1967, ya shule kuwa na shamba lake, nia yake ilikuwa nzuri tu, lakini shuleni kwetu shamba liligeuka mahali pa kupeleka watukutu, mi mpaka leo nikishika ndoo najiona nimekosa kitu.

Na kama kuna mzee kahamia hapo toka Kondoa muite darasani, asimulie mifugo ilivyoondolewa milimani 1979 sababu ya makorongo, aseme nyasi zilivyorudi na aseme pia wenye ng'ombe ilivyowauma.

Ule mche alioonja mbuzi, zungushia miiba leo leo.