Maktaba moja, wenyewe wawili: kompyuta na mtandao vipangwe vipi?

Swali: Mimi ni ofisa TEHAMA katika chuo cha serikali wilayani. Mwaka ujao wa masomo maktaba yetu na maktaba ya umma ya mji zitahamia jengo moja, lenye kompyuta 40, Wi-Fi na kaunta moja ya kuazimia vitabu. Mkuu wa chuo anataka kila kitu kiingizwe kwenye mfumo wetu, na halmashauri inataka mtandao wake ubaki peke yake. Je, tuunganishe au tutenganishe? Na wananchi wa kawaida wanaweza kusoma majarida ya kielektroniki ambayo chuo kinayalipia?

Jibu: Ndugu msomaji, wakubwa wako wote wawili wana hoja, ila kila mmoja ameshika nusu yake. Kile anachokutana nacho msomaji kiwe kimoja: katalogi, kadi, kaunta na mtu wa kumwendea kompyuta inapogoma. Kile asichokiona, yaani njia za mtandao, utambulisho wa watumiaji na leseni, kitenganishwe. Mkifanya kinyume chake, mkaunganisha nyaya huku mkiacha kaunta mbili, mtamchosha msomaji na kuhatarisha mikataba ya chuo kwa pamoja.

Mpango huu una watangulizi. Maktaba ya Dr. Martin Luther King Jr. mjini San José, California, ilifunguliwa mwaka 2003 kwa ubia wa jiji na chuo kikuu cha jimbo. The Hive, mjini Worcester, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 2012 kwa ubia wa chuo kikuu na serikali ya mtaa. Kote kuwili mwananchi anaweza kuazima kitabu cha chuo. Majarida ya kulipiwa yana utaratibu mwingine: San José, mwananchi huyasoma akiwa ndani ya jengo, lakini akiwa nyumbani haki hiyo hana, ilhali mwanafunzi anaendelea kuyapata popote alipo.

Nitaanza na majarida hayo, maana ndipo penye mtego. Wachapishaji wengi hukitambua chuo kwa anwani za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao kwenye intaneti: ombi likitoka kwenye anwani iliyosajiliwa, mlango unafunguka bila kuuliza neno la siri. Mikataba mingi ya vyuo huwataja wanafunzi, wafanyakazi, na pia mtu yeyote aliyeingia maktaba kwa miguu yake na kutumia kompyuta iliyomo humo. Soma kila mkataba mlionao na utafute kipengele hicho. Kisipokuwepo, mwandikieni mchapishaji kabla ya kuhama, mkieleza kwamba jengo litakuwa la watu wote. Jibu la simu halitoshi.

Sasa fikiria kwamba mmeunganisha kila kitu na jengo zima linatoka kwenye intaneti kwa anwani moja. Saa kumi jioni mtu aliyekaa nje ya jengo, akitumia Wi-Fi ya wageni, anaanzisha programu inayopakua makala moja baada ya nyingine. Kwa mchapishaji, huyo ni chuo chenu. Mfumo wake unaona upakuaji usio wa kawaida, unaifunga anwani, na asubuhi wanafunzi wanaomalizia ripoti za utafiti wanakuta hakuna jarida linalofunguka. Kosa la kinyume nalo hutokea sana: kompyuta za mezani zinawekwa kwenye laini ya halmashauri, na mwananchi mwenye haki ya kusoma akiwa ndani ya jengo anaambiwa na tovuti alipie.

Kwa hiyo gawanyeni mtandao kwa VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile, kufuatana na aina ya matumizi, badala ya kuangalia ni nani aliyenunua kifaa. Wanafunzi na wahadhiri wawe na yao. Kompyuta za mezani, ziwe zimenunuliwa na chuo au na halmashauri, ziwe na yao, na zitoke kwa anwani zilizosajiliwa na wachapishaji. Wi-Fi ya wageni itoke kwa anwani nyingine kabisa, na hapa ndipo laini ya halmashauri inapopata kazi yake halali. Kompyuta za kaunta na printa zitengwe na hizo zote. Kichujio cha maudhui mkiweke kwenye kona ya watoto tu, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi anayetafuta habari za magonjwa ya zinaa hapaswi kuzuiwa na kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa.

Laini mbili zina faida nyingine: moja ikikatika, ya pili inabeba mzigo. Angalia tu kwamba ruta inapohamisha mzigo huo haiwapitishi wageni kwenye anwani za chuo. Jaribu mwenyewe kwa kuchomoa waya kabla ya siku ya ufunguzi.

Kwa wanafunzi walio nje ya jengo, wekeni seva ya proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha maombi yao kwa anwani ya chuo, inayodai utambulisho wa chuo, na kadi za umma zisiwemo kwenye kundi linaloruhusiwa. Kwa Wi-Fi, ulizeni uwezekano wa kujiunga na eduroam, huduma ya kimataifa ya Wi-Fi ya vyuo, ambayo vyuo vya Kenya huipata kupitia KENET na vya Uganda kupitia RENU, mitandao ya elimu na utafiti ya nchi hizo. Mwanafunzi mgeni huingia kwa neno la siri la chuo chake mwenyewe, nanyi hamlazimiki kumfungulia akaunti. Mwananchi apewe namba ya muda inayotolewa kaunta.

Kuhusu katalogi, mfumo mmoja wa Koha unawatosha. Programu hiyo ya bure ya kuendesha maktaba ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000, na tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za umma zenye matawi, kwa hiyo hamtailazimisha kufanya isichokijua. Sajilini chuo na maktaba ya umma kama matawi mawili, kisha mpange kanuni za kuazima kwa aina ya mwanachama na aina ya kitabu. Uko mpangilio unaowazuia wafanyakazi wa tawi moja kugusa rekodi za tawi jingine; kwenye kaunta ya pamoja uacheni ukiwa umezimwa, la sivyo mkutubi atashindwa kumhudumia nusu ya foleni yake.

Kazi ngumu kwenye Koha ni watu. Mfanyabiashara wa sokoni mwenye kadi ya umma anajiunga na masomo ya jioni. Orodha ya udahili inapoingizwa, anapata akaunti ya pili, na deni la kitabu alichochelewesha linabaki kwenye ile ya kwanza. Msimpe akaunti mbili. Linganisheni majina na namba za simu kabla ya kuingiza orodha, mbadilishieni aina ya uanachama kwenye akaunti ileile, na akihitimu arudishwe kuwa mwanachama wa umma badala ya kufutwa.

Taarifa hizo zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai taarifa zitumike kwa lengo lililosababisha zikusanywe. Chuo kisichungulie anachosoma mwananchi, na halmashauri isione matokeo ya mwanafunzi; mfumo wa udahili ulete jina, namba, programu ya masomo na tarehe ya kumaliza, basi. Koha inaweza kuondoa jina la msomaji kwenye kumbukumbu za vitabu alivyokwisha kurudisha, na kwa maoni yangu kazi hiyo ijiendeshe yenyewe kila usiku bila kusubiri mtu aikumbuke.

Kompyuta zenyewe hazina mengi. Zote 40 ziwe na sura moja na programu zilezile, na zijirudishe katika hali ya mwanzo kila zinapowashwa upya, ili barua pepe ya mtu isibaki wazi kwa anayemfuatia. Wekeni kikomo cha muda kwa wote, na wakati wa mitihani mtenge baadhi kwa wanafunzi. Leseni za programu zenye bei ya vyuo zichunguzeni mapema, kwani si lazima zimhusu mwananchi. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inaepusha mabishano hayo.

Kabla ya kuvuta waya wowote, pande mbili zisaini hati inayosema nani anabadilisha kompyuta iliyokufa, nani analipa laini ipi, nani anashika neno la siri la msimamizi wa seva, na nakala rudufu zinahifadhiwa jengo gani jingine. Iwe pia na kifungu cha kuachana, ambacho wengi huona haya kukiandika. Tangu siku ya kwanza misimbo pau ya vitabu vya chuo ianze na tarakimu tofauti na ya vitabu vya umma, na kila upande uwe na haki ya kupewa rekodi zake kwa muundo wa MARC, ambao mifumo mingi ya maktaba huusoma, ndani ya muda uliotajwa.