Hataza au siri? Kwa kaka wa betri ya mashua

Kaka, umeuliza kama betri yako mpya ya mashua uichukulie hataza (patenti, haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ulichobuni) au uifanye siri. Mimi ningeigawa. Mteja wako kule Shela akiifungua kwa bisibisi ataona ulichobuni? Akiona, siri imekwisha, maana kuchunguza kitu ulichonunua si kosa. Sehemu hiyo ipeleke KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili hataza: hataza ya Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, ada kila mwaka, na maelezo yako yatachapishwa wote wasome. Nje ya Kenya haikulindi, ila una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine na ukahesabiwa tarehe ileile ya ombi lako la kwanza.

Lakini unavyochanganya unga wa elektrodi (ncha za ndani ya betri zinazopitisha umeme), joto la kukaushia na muda wake, hayo hayaonekani betri ikishafungwa. Yafiche, na vijana wa karakana wasaini mkataba wa siri kabla hawajagusa kazi. Mwingine akiyagundua mwenyewe huwezi kumzuia.

Na tafadhali sana, usiifungue pale gatini watu wakarekodi video kabla hujawasilisha ombi. Kenya inakuvumilia miezi 12 tangu uionyeshe hadharani, Ulaya watakukatalia ombi.