Barua kwa mwanangu: tenga la nyanya

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Unaniuliza namba hasi ni wiani au siwiani, kwa sababu mjukuu wangu kaja na zoezi nyumbani mkakwama wote wawili. Nadhani masikio ndiyo yamekuponza. Hasi, siwiani, zote zina “si” ndani yake, ukaona ni ndugu. Alama ya hasi inakuambia tu uko upande gani wa sifuri. Wiani ni habari nyingine: namba hiyo inaandikika kwa sehemu, kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) vyote vikiwa namba kamili, ila asili isiwe sifuri?

Lakini mimi nikisikia hasi nasikia deni. Kaka yako aliwahi kunisomea kwamba huko India, mwaka 628, Brahmagupta alizieleza hivyo hivyo: chanya ni mali, hasi ni deni. Na deni ni hesabu kamili, nimewaambia tangu mko wadogo.

Unalikumbuka lile tenga la nyanya la Ilala. Tulilikopa watu watatu kwa 10,000. Kila mmoja wetu akawa hasi 10,000 juu ya 3, yaani hasi 3,333.333..., tatu zinafuatana hazikomi. Tukapeleka 3,300 kila mtu, ikabaki mia. Mwenye mali akaiandika kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwomba. Mwenzetu mmoja akanipa hamsini bila maneno. Yule mwingine, aliyekuwa akikusuka, akanijibu mbele ya wateja wangu: “Mimi nimemaliza. Hiyo hesabu yako haina mwisho.”

Haina mwisho! Usiku ule sikulala. Kutokoma si kosa la namba, Rehema. Ile tatu inajirudia kwa utaratibu, na nyuma yake kuna sehemu safi kabisa. Namba isiyoandikika kwa sehemu, ndiyo siwiani, ni kama kipeuo cha pili cha 2: 1.41421356..., inaendelea, na hakuna kundi la tarakimu linaloshika zamu ya kujirudia moja kwa moja. Itie hasi, itabaki siwiani vilevile. Na 3 ukiitia hasi, itabaki wiani: hasi 3 juu ya 1.

Pengine nilimbana mwenzangu kwa fedha ndogo. Naye alikuwa na watoto. Lakini na mimi nilikuwa nanyi, na nilitoa hamsini iliyobaki bila kumwambia mtu. Hapana, haikuwa fedha. Deni ni hesabu kamili. Kama alinidhulumu sitasema, maana alikuja akanifutia machozi siku ya msiba wa baba yenu. Ungeniuliza wiki ile ya nyanya, ningesema.

Mjukuu wangu mwambie aandike hasi 100 juu ya 3. Iko kushoto kwa sifuri, ni hasi 33.333... isiyokoma, na ni wiani. Ndiyo anayodaiwa yule mama mpaka leo.

Mama yako