Ukitaka Kuwa Mwema, Toka Nyumbani Mapema

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walitoa utafiti ambao mimi ningeubandika mlangoni mwa kila nyumba ya ibada. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, wakawa wanamtuma mmoja mmoja aende jengo la pili akatoe mazungumzo mafupi. Baadhi walipewa mada ya ajira, baadhi wakapewa mfano wa Msamaria Mwema. Kwenye kichochoro walikopita palikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, kichwa chini, macho kayafumba, anakohoa na kuguna. Aliwekwa pale makusudi, ila wao hawakujua.

Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10 tu. Mada haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka kabisa yule mtu, wakiwahi kwenda kueleza ubaya wa kumpita aliyeanguka njiani. Wahenga walishasema haraka haraka haina baraka. Princeton wakaja na takwimu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: ukitaka kuwa mwema, toka nyumbani mapema. Sitanii. Miaka nenda miaka rudi nimetunza daftari la michango la kikundi cha waumini, na kazi hiyo humweka mtu mahali pazuri pa kuwatazama wenzake. Nimemwona mama aliyebubujikwa machozi kwenye maombi, muda mfupi baadaye akimpigia honi kikongwe wa mkongojo aliyekuwa akivuka lango. Honi ndefu, kisha akashusha kioo ili na maneno yafike. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Honi nayo ilikuwa ya kweli. Anayechagua moja na kusema ndiyo sura yake halisi hajakaa na watu. Yule mama alikuwa na miadi mahali, basi.

Ndiyo maana siulizi tena mtu ana imani kiasi gani. Nauliza amelala saa ngapi, amekula nini, na anawahi wapi. Hata mimi nikiitwa kwenye kikao kigumu nakula kwanza.

Watu wa dini hukasirika ukisema hivi, wakidhani unaibeza imani. Wapenda maendeleo hukasirika pia, maana wao wanaamini elimu na ustaarabu vimeshatusafisha. Kwa hao wa pili nina kibao cha udongo. Maandishi ya kale kabisa tunayoyajua, ya Uruk katika Iraki ya leo, yana umri wa zaidi ya miaka 5,000, na sehemu kubwa si sala wala mashairi ya mapenzi. Ni hesabu za shayiri, mifugo na bia: nani katoa, nani kapokea. Nionavyo mimi, binadamu hakuanza kuandika kwa sababu moyo wake ulifurika. Alianza kwa sababu mwenzake alisahau deni. Karne nyingi baadaye, yapata 1750 kabla ya Kristo, mteja aitwaye Nanni alimwandikia Ea-nasir, mfanyabiashara wa shaba wa mji wa kale wa Uru, hukohuko Iraki, akilalamika kwamba shaba aliyopewa ni mbovu na mjumbe wake amedharauliwa. Kibao hicho kiko British Museum, London. Ondoa shaba, weka bidhaa yoyote iliyoagizwa kwa simu; hutahitaji kuongeza neno.

Basi andika. Ukimkopesha mcha Mungu, andika mara mbili, kwa kuwa huyo ndiye utakayeona haya kumdai. Watu huniambia karatasi inaua undugu. Nilivyoona mimi, undugu mwingi umeuawa na "tutaelewana tu".

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Yerusalemu. Kanisa la Kaburi Takatifu hutumiwa na madhehebu sita ya Kikristo, na karibu kila nguzo na kila taa ina mwenyewe. Mwaka 2008 watawa wa Kigiriki na wa Kiarmenia walitwangana ngumi mle ndani, katikati ya maandamano ya ibada, hadi polisi wakaingia. Juu ya lango, chini ya dirisha, ipo ngazi fupi ya mbao iliyokuwapo tangu karne ya 18. Haiondolewi, maana kuiondoa kunataka wote wakubaliane. Na ufunguo je? Umo mikononi mwa Waislamu kwa karne nyingi: ukoo wa Joudeh huutunza, ukoo wa Nuseibeh hufungua mlango.

Wengi hucheka wakifika hapa. Mimi navua kofia. Mpango huo hauwangoji watu wapendane ndipo mlango ufunguliwe. Ufunguo uko kwa asiye na upande, tena kazi imegawanywa kwa koo mbili, na kila siku waumini wanaingia kusali.

Michango yetu nayo tuliihesabu kwa akili hiyohiyo. Wahesabuji wawili, meza moja, mlango wazi, na sharti wasiwe marafiki, kwa kuwa marafiki huoneana haya kusema "hebu rudia". Tulikuwa na wazee wawili ambao hawakusalimiana tangu wagombanie uongozi wa kwaya. Walihesabu kila noti mara mbili, mmoja akitaja, wa pili akimkodolea macho vidoleni, na kwa hesabu za kipindi chao sikuwahi kuulizwa swali hata moja. Siku walipopatana nilishangilia pamoja na wengine, kisha nikaenda kutafuta mhesabuji mpya.