Nimshukuru Mungu kwa lipi mwaka huu?

Tukuyu, Desemba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata jana jioni, nikausoma taratibu, kisha nikaurudia. Poleni sana, wewe na mwenzio. Mama mkwe wako mwambie bado tuko naye kwenye maombi, na kwamba hakuna anayemhesabia miezi ya kulia.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, umshukuru Mungu kwa lipi, mwaka ambao viazi vya shamba zima viliungua kwa ugonjwa wa ukungu, mkopo wa kikoba, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana, ukabaki palepale, na Agosti mkamzika baba mkwe wako. La pili, kwenye ibada ya shukrani ya mwisho wa mwaka hapo Isyonje, ukiitwa mbele kushuhudia utasema nini bila kudanganya, maana ukikaa kimya wataona umepoa kiroho. Nitayajibu yote, ila kwanza tuuangalie ule mstari ulioninukulia, kwa sababu naona ndio unaokubana.

"Shukuruni kwa kila jambo," 1 Wathesalonike 5:18. Hilo neno "kwa" kwenye Kiswahili chetu lina kazi nyingi. Ukisema umemshukuru jirani kwa chumvi, chumvi ndiyo sababu ya kushukuru. Lakini siku ya ndoa yenu mliapa kupendana "kwa shida na raha", na hakuna aliyeelewa kwamba shida ndiyo sababu ya kupendana. Mliahidi kupendana mkiwa ndani yake. Kwenye Kigiriki alichoandika Paulo ni "en panti", yaani katika kila jambo, kama ile ya ndoa. Hakuagiza umshukuru Mungu kwa ajili ya ukungu, wala kwa ajili ya jeneza. Na barua ni ileile ambayo kwenye 4:13 inawaambia waliofiwa wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Huzuni yenyewe hakuikataza.

Najua kuna atakayekutolea Waefeso 5:20, panaposema kushukuru sikuzote kwa mambo yote, na pale maneno ya Kigiriki kweli yanaelekea kwenye "kwa ajili ya". Sitaki nikufiche. Ila mstari huo unasema tushukuru kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo, basi mtazame yeye alivyoshukuru msibani. Yohana 11:35, Yesu alilia. Mstari wa 41, kaburi la Lazaro limefunguliwa tu na maiti bado imo ndani, anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Alishukuru kwa kusikiwa. Kifo cha rafiki yake hakukiita kizuri, na machozi hayakuwa yamekauka. Mimi hapo ndipo ningekuomba usimame, mwanangu: unaweza kumshukuru aliyekusikia hata kabla hujaona atakachofanya.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kaunta buku lenu la hesabu za shamba, fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika mlivyopoteza, kulia mlivyopokea. Anza kushoto, na usiuonee aibu ukurasa huo. Tembea Januari mpaka Desemba, kila kitu kwa jina lake na kipimo chake: magunia mangapi ya mbegu yaliingia ardhini na mangapi yalitoka, shilingi ngapi za dawa na vibarua, siku ngapi za kulala hospitali na mzee, deni limebaki kiasi gani. Usiandike "mwaka ulikuwa mgumu". Maneno hayo hayashikiki, na usiku ndiyo yanayokukalia kifuani. Magunia unaweza kuyahesabu, ukayataja mbele za Mungu, ukanyamaza.

Habakuki alifanya hivyohivyo. Sura ya 3, mstari wa 17, anataja vitu sita kimoja baada ya kingine: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kundi la zizini, ng'ombe wa vibandani. Kwa mtu wa nchi ile hapo umemaliza chakula, mafuta, na akiba yote. Kwenu angetaja viazi, mahindi, maharage, pareto, kuku, na ng'ombe wa maziwa. Ndipo mstari wa 18 unafungua na "Walakini nitamfurahia BWANA". Walakini yake ina uzito kwa sababu ya vile sita vilivyotangulia. Watu wengi wetu tunaruka orodha, tunakimbilia walakini, halafu tunashangaa furaha yenyewe haifiki hata Jumatatu.

Ukurasa wa kulia ndio unaowashinda watu, na unawashinda kwa sababu moja: wanaandika mambo makubwa mno. Uzima, pumzi, ulinzi. Ni kweli tupu, lakini baada ya mistari mitatu mkono unasimama. Andika tukio, na mtu, na kipimo. Nani alileta debe la mahindi wiki ya msiba. Nani aliwakogesha watoto mkiwa hospitali, siku ngapi. Nani alikaa jikoni mpaka saa sita usiku akipikia waombolezaji, kesho yake akarudi tena alfajiri na kuni kichwani. Siku gani mwenzio alicheka. Angalia majina ya kwetu ya Kinyakyusa: Atupele, maana yake ametupa, na Ambakisye, amenirehemu. Wazee hawakuandika vitabu vya shukrani, waliita watoto.

Kuna mambo mawili usiyafanye kwenye kurasa hizo. Usilazimishe zilingane, kwamba mistari kumi kushoto lazima ipate kumi kulia. Mwaka mwingine hazilingani, na Mungu hajakuomba ufunge mizania. Na usiunganishe mistari, "viazi viliungua lakini tumejifunza uvumilivu". Huenda mmejifunza kweli, ila hilo litajitokeza lenyewe siku yake. Ukiliandika mapema utakuwa unamtetea Mungu, naye hajakuajiri wakili.

Fanya kwa jioni tatu, nusu saa tu kila moja, na usipite saa nne usiku, kwa sababu mtu aliyechoka huongeza hesabu ya mabaya. Jioni ya kwanza ni ukurasa wa kushoto peke yake. Ukimaliza soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza anauliza "hata lini" mara nne. Wa tatu na wa nne anaomba, anasema anachotaka waziwazi. Wa tano na wa sita anatumaini na kuimba, na hakuna panapoonyesha kwamba hali ilikuwa imebadilika katikati. Hiyo ndiyo ngazi ya kuombea: uliza, omba, tumaini, kwa mpangilio huo. Siku ambayo hufiki kwenye mstari wa tano, nenda Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani kabisa, halafu ulale. Nayo imo kwenye Biblia ileile, na waliolala nayo walikuwa waumini. Jioni ya pili kaa na mwenzio, yeye anakumbuka usivyovikumbuka. Ya tatu ni ya ukurasa wa kulia.

Nije kwenye ushuhuda. Dakika tatu zinatosha. Sema kilichotokea, kwa sentensi moja. Sema ambacho bado hakijaisha, maana hapo ndipo watu hudanganya: wanafunga hadithi ambayo Mungu hajaifunga. Taja msaada ulioupokea, mmoja au miwili kutoka ule ukurasa wa kulia, na mtu aliyeuleta kama ataridhia kutajwa. Kisha omba kanisa likuombee jambo moja mahususi. Basi, kaa. Kiasi cha deni usikitaje, wala aliyewauzia mbegu mbovu usimseme, pale si mahali pa kesi.

Kuna sentensi moja nakuomba uiache kabisa, ingawa utaisikia kwenye kila maikrofoni usiku wa mkesha: "Wengine walitamani kuiona siku hii, hawakuiona." Mama mkwe wako atakuwa kwenye benchi la pili. Ukisema hivyo umemshukuru Mungu ukisimama juu ya kaburi la mumewe. Anayeisema hana nia mbaya, ameizoea tu, lakini inakaribia sala ya yule Farisayo wa Luka 18:11 aliyeshukuru kwamba si kama watu wengine. Shukrani isihitaji aliyepungukiwa ndipo ipate kusimama. Sema, "Tuko hapa, na baba hayupo, na Mungu hajatuacha." Hayo yote ni kweli, na mjane anaweza kuitikia amina.

Ukitaka neno la Biblia la kushikilia, chukua Ebenezeri. Tunaliandika kwenye daladala na kwenye maduka, lakini lisome lilipo. 1 Samweli 7:12, Samweli anasimamisha jiwe, analiita Ebenezeri, anasema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Rudi nyuma sura ya 4: Waisraeli walipiga kambi Ebenezeri, wakapigwa, na sanduku la Mungu likachukuliwa. Jiwe la shukrani limebeba jina lilelile la kambi ya kushindwa. Na "hata sasa" maana yake ni mpaka hapa. Ya mwakani hajayasema.

Sadaka haitaki maneno mengi. Toa kutoka kwenye kilichobaki, hata kama ni debe la viazi vidogo. Usikope kikoba ukatie kwenye bahasha, na kwenye mnada baada ya ibada usipandishe bei ya jogoo ili watu wasijue mna shida. Ahadi za mnada zinaleta madeni ya Januari, na Januari ndiyo ya ada. Torati ilimtaka mama aliyejifungua alete mwanakondoo, na asiyeweza alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka 2:24 inatuambia Yusufu na Mariamu walileta nini: ndege. Sadaka ya mtoto Yesu ilikuwa ya maskini. Na Kumbukumbu la Torati 26, mkulima akileta kikapu cha malimbuko hakuambiwa aanze na kushangilia. Alikiri mbele za BWANA kwamba baba yake alikuwa karibu na kupotea, kwamba Misri waliwatesa, kwamba walilia na Mungu akawasikia. Kufurahi kulikuja baadaye, pamoja na Mlawi na mgeni. Kwa hiyo mkipika siku hiyo, muite na asiye na kwao.

Kumtumaini Mungu mwakani kuna sehemu yake ya jembe, nayo usiidharau. Ukungu haukuwa adhabu. Yesu alishalikataa wazo hilo alipotaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Luka 13:4. Ulitokana na baridi, mawingu, na majani yasiyokauka. Kwa hiyo msitoe mbegu kwenye viazi vya shamba lililoungua, hata vikionekana vizima, maana ugonjwa hukaa ndani ya kiazi. Ng'oeni vinavyojiotea vyenyewe, ndivyo vinavyouvusha ukungu msimu hadi msimu. Pandisheni udongo vizuri kwenye matuta, ili mvua isiuteremshe ugonjwa kutoka kwenye majani mpaka kwenye viazi. Na dawa ya kinga inapigwa jani likiwa bado zima. Wengi husubiri mpaka waone madoa meusi yenye majimaji kwenye ncha, ukigeuza jani asubuhi unakuta utando mweupe chini yake. Hapo dawa ya kinga imeshachelewa, na mvua ikiendelea shamba linaweza kuisha ndani ya siku chache. Tazameni chini ya majani kila asubuhi yenye baridi na mawingu, mwombe mkiwa humohumo shambani.

Deni nalo, nendeni kwa mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya kikao. Mwambieni mtaweza kiasi gani kwa wiki, kiwe kidogo mtakachokitimiza. Anayekuja mapema husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Ninakuja Jumamosi na basi la asubuhi, nitabeba ndizi na magimbi. Nyama msinunue. Chagua viazi vidogo vilivyobaki, tuvichemshe na maganda yake, na kaunta buku liwe mezani, nataka kumsikia mama mkwe wako naye akitaja vya kwake.

Mama yako